Nilimkana Mbele ya Miguu ya Kuku

Shangazi Pun mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi basi itikia hivyo hivyo maana nimechanganyikiwa, naomba uninusuru kabla Jumapili haijafika, kwa sababu Jumapili mama yangu mzazi, mwenye miaka themanini na tisa na masikio yanayosikia kila asichotakiwa kusikia, ameniagiza nimletee mezani mwanamke ambaye nilisema simjui, na kweli jina lake silijui, ila kusema simjui ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema tangu siku nilipomwambia mkaguzi kwamba lifti ya jengo fulani nimeitia mafuta jana yake.

Nianze mwanzo. Nina miaka sitini na sita, ni fundi wa lifti mstaafu, nakaa hapa hapa Sham Shui Po, mke wangu alifariki miaka sita iliyopita na watoto wako mbali, na kila siku asubuhi isipokuwa Jumapili, saa kumi na mbili kasoro, mlango wa chuma wa mkahawa wa chai ulio juu ya duka la vitambaa ukianza kupandishwa, mimi nipo chini yake na wazee wenzangu, tunainama tupite kabla haujafika juu, kama kwamba ndani kuna zawadi. Na kule ndani, Shangazi, huchagui meza, unakaa penye kiti, ndivyo miezi kumi na moja iliyopita nilivyojikuta kwenye ile meza ya duara kando ya nguzo na mama mmoja wa makamo yangu, nywele fupi, sweta ya kijani, gazeti limemfunika mpaka kwenye paji la uso. Nikasita kidogo. Dada Ngan, yule anayesukuma toroli la vikapu vya mvuke, akanipigia kelele kutoka mlango wa jikoni, "Mzee, kaa hapo, huyo mama haumi!" Na yule mama, bila kuinua macho, akasema, "Inategemea."

Nikakaa. Wiki nzima hatukusemezana, kila mtu na birika lake, mimi chai yangu nyeusi na yeye ya maua, mpaka asubuhi moja nikaona birika lake kifuniko kimelazwa pembeni kuomba maji ya moto na wahudumu wote wamekuwa vipofu ghafla, basi nikammiminia kikombe kutoka kwenye langu. Hakuniangalia. Aligonga meza kwa vidole viwili, tap tap, ile asante ya mezani, macho yako kwenye kurasa za mbio za farasi. Kesho yake akanimiminia yeye, nikagonga mimi. Ndiyo ikawa hivyo, mpaka ikawa hatuangalii tena kikombe kimeisha au hakijaisha, mkono unajua wenyewe. Yeye anakula ngozi ya miguu ya kuku, mimi nakula karanga zilizo chini yake kwenye mchuzi. Toroli likitokea mimi ndiye nanyakua kikapu cha miguu kabla wale wazee wa dirishani hawajakiona, yeye ananiwekea ha gau mbili, vile viandazi vya mvuke vya kamba, na kulalamika kwamba kamba waliomo ndani siku hizi ni wadogo, mtu unahitaji miwani ya kusomea. Tumezungumza habari za farasi, za magoti, za serikali kidogo, za jinsi ya kupika uji wa samaki usinuke. Jina hatukuulizana. Mwezi wa kwanza niliona haraka, mwezi wa tatu niliona aibu, na ukishafika mwezi wa sita unamuulizaje jina mtu ambaye unajua anavyotema mifupa?

Sasa Jumapili. Jumapili ni ya familia, mimi na mama na dada yangu Suk-han, na huwa tunaenda mkahawa mkubwa wa Mong Kok wenye makochi mlangoni, lakini Jumapili iliyopita tulifika tukapewa namba, mbele yetu wako watu tisini na kitu, mama akasema akifa kwa njaa tusimlilie, Suk-han akasema, "Kaka, si twende kule kwako unakokaa kila siku kama umeajiriwa?" Nikakubali, nikijua yule mama wa gazeti Jumapili haendi. Nilijuaje? Sikujua, Shangazi, nilidhani tu, maana Jumapili mimi mwenyewe siendi.

Alikuwepo. Meza ya jirani kabisa, peke yake, sweta ile ile. Akaniona, akashusha kidevu kidogo, akapandisha gazeti. Mimi nikajifanya nasoma bango la zimamoto. Nikasuuza bakuli na vijiti vya mama kwa chai ya kwanza kama ilivyo desturi, nikasuuza vya Suk-han, mambo yanakwenda vizuri, mama anasifia kwamba miguu ya kuku ya hapa ni minene kuliko ya Mong Kok, Dada Ngan akapita na toroli akasema kwa sauti yake ile ya kuita teksi, "Mzee, leo umehama meza? Mmegombana?" Nikakohoa. Mama akasema, "Amehama meza gani?" Nikasema vumbi, mama, koo lina vumbi, nikachukua birika haraka nimimine chai ili mazungumzo yabadilike, na hapo ndipo mkono wangu huu wa kulia, mkono uliofunga lifti miaka thelathini na nane bila ajali, uliponiua.

Mama ameshainua kikombe chake. Ana miaka themanini na tisa, Shangazi, ndiye wa kwanza, hata mtoto wa chekechea anajua anamiminiwa wa kwanza. Mimi nikasimama na birika, nikakipita kikombe cha mama kiko hewani, nikaenda meza ya jirani, nikajaza kikombe cha yule mama wa gazeti mpaka pale pale anapopenda, vidole viwili chini ya ukingo, halafu, sijui hata nieleze vipi, nikarudisha vijiti kwenye kikapu chetu, nikachagua mguu ulio mnene kuliko yote, nikamwekea kwenye sahani yake. Na yeye, macho kwenye farasi, akagonga meza. Tap tap. Akafungua ukurasa.

Ndipo sote wawili tukaganda.

Suk-han ana nusu ya siu mai, kiandazi cha nyama, mdomoni na nusu nje. Mama bado ameshika kikombe juu, akasema polepole, "Nimezaa mimi, chai anakunywa mwingine."

Suk-han akameza. "Kaka, huyo nani?"

Na mimi, Shangazi, mwanaume mzima, nikasema, "Simjui."

"Humjui?"

"Simjui kabisa. Nilidhani ni mhudumu."

"Mhudumu anayesoma gazeti?"

"Yuko mapumziko," nikasema.

Nilisikia gazeti likikunjwa. Likakunjwa mara mbili, likakunjwa mara nne, likakunjwa mpaka likawa kama kitabu cha hundi. Yule mama akasimama, akachukua ile sahani yenye mguu wa kuku, akaja nayo kwa mikono miwili akaiweka mbele ya mama yangu, akainama kidogo akasema, "Mama, huu ni wenu, umekuja mezani kwangu kwa bahati mbaya. Mimi na huyu bwana hatujuani." Akaenda zake, taratibu, hakugeuka.

Mama akautazama ule mguu. Akaula. Akatema mifupa yote mmoja mmoja, akapangusa mdomo, akasema, "Huyu ana adabu. Jumapili ijayo mlete."

Suk-han akasema, "Mama, si kasema mwenyewe hawajuani?"

"Suk-han," mama akasema, "mtu asiyekujua hakunji gazeti vile."

Basi tangu hapo ni mateso. Jumatatu nikafika kwenye nguzo yetu, hayupo, nikadhani anaumwa, kumbe amehamia meza ya kule ndani kabisa, karibu na choo, na mzee mmoja wa kofia anayekuja na majani yake ya chai kwenye kopo la maziwa. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano nikapita kwenda msalani nikaona kwa macho yangu yule mzee wa kofia anammiminia, na yeye anagonga meza kwa kidole kimoja. Kimoja, Shangazi! Kwangu vilikuwa viwili siku zote. Nimekaa nikawaza, kidole kimoja ni heshima pungufu au ni mazoea zaidi? Sijalala vizuri. Na Dada Ngan naye amenichunia, toroli linapita kwangu bila kusimama, naona mgongo tu, likirudi limebaki na keki ya figili iliyopoa. Jana nilibahatika kunyakua miguu ya kuku, nikaila peke yangu, ngozi na karanga zote, machozi yakanilenga kwa ajili ya pilipili, Dada Ngan akasimama akanitazama akasema, "Mzee, unamlilia kuku au unamlilia nani?"

Nikamwomba angalau ampelekee yule mama kikapu cha ha gau, aseme kimetoka kwa wa nguzoni. Akakipeleka. Akakirudisha hakijaguswa. "Amesema," Dada Ngan akatangaza, mkahawa mzima unasikia, "yeye ni mhudumu, haruhusiwi kula kazini." Wale wazee wa dirishani walicheka mpaka mmoja wao akapaliwa akapigwa mgongo.

Sasa Shangazi, mama ananipigia simu kila jioni kuuliza kama nimeshamwambia, anasema ameshachagua blauzi. Nimefikiria nimwambie kwamba yule mama amesafiri kwenda Kanada. Nimefikiria pia nimwombe jirani yangu wa ghorofa ya nne, mama mkimya tu, aje Jumapili ashikilie gazeti mbele ya uso asiliondoe, maana mama ana mtoto wa jicho kwenye jicho la kushoto na jirani tukimkalisha upande huo huenda asigundue. Suk-han anasema mimi ni domo zege tangu darasa la tatu na nisubiri mama asahau, lakini mama hasahau, bado ananikumbusha birika nililovunja mwaka wa sabini na mbili.

Na nitasema ukweli wote maana hunioni. Kila asubuhi kabla sijatoka naiaga picha ya marehemu mke wangu, namwambia nakwenda kunywa chai, na sijawahi kumwambia na nani. Siku ile mama aliponiuliza, nilimwona marehemu, nikamwona Suk-han, nikaona watu wote wa mkahawa, ulimi ukaniteleza ukaenda kwenye uongo ulio karibu. Sikuwa namwonea haya yule mama, nilijionea haya mimi, na nguo zangu, na umri wangu. Lakini yeye hajui hilo, anajua nilimwita mhudumu. Ninamkosa, Shangazi. Naamka saa kumi na moja sioni sababu ya kuvaa viatu, na nikivaa nikifika pale namwona mgongo wake. Hilo gazeti lenyewe ni hili lenu, analisoma kuanzia nyuma, huwa ananisomea kwa sauti sehemu za kuchekesha. Tangu Jumatatu sijasomewa kitu.

Nifanye nini, na kile kidole kimoja kina maana gani?

Mzee wa Nguzo, Sham Shui Po

SHANGAZI PUN ANAJIBU

Mzee wa Nguzo, marahaba, ingawa nina miaka hamsini na miwili na wewe ndiye ulipaswa kuamkiwa. Barua yako niliisoma nikiwa natafuna mkate wa mvuke wa nyama, nilipofika kwenye "yuko mapumziko" nikapaliwa, mwenzangu wa meza ya michezo akalazimika kunipiga mgongo. Kwa hiyo tayari unanidai pole na mimi nakudai mkate.

Tuanze na kidole. Kidole kimoja maana yake mkono mwingine ulikuwa umeshika gazeti na huu mmoja ulikuwa na vijiti. Basi. Hakuna zaidi. Mwanaume mzima unakwenda msalani kuhesabu vidole vya watu! Acha mara moja.

La pili, jirani yako wa ghorofa ya nne mwache apumzike kwake. Unataka kumshikisha mama wa watu gazeti usoni mlo mzima, atakula kwa kutumia nini? Na mama yako umkalishe upande wa jicho bovu kama unauza gari la mtumba! Yule bibi kwa dakika mbili na jicho moja alimtambua mtu ambaye wewe kwa miezi kumi na moja na macho mawili umeshindwa kumtaja. Kanada nayo iachwe hivyo hivyo. Ukimpeleka huko leo, keshokutwa utamkuta kwenye ngazi za soko ameshika kabichi, utasema nini, ndege imerudi?

Sasa nikukemee vizuri, kaa chini. Kumkana mtu ni vibaya, lakini hofu hutufanya sote wajinga, hilo ningekusamehe. Kumwita mhudumu siyo hofu tena, hapo ulikuwa unajenga ghorofa. Ungeishia kwenye "simjui" ungekuwa mwoga tu. Ulivyomwongezea na mapumziko, ukamfanyia na ratiba ya kazi, ulimdhalilisha mwanamke aliyekaa peke yake Jumapili akisoma farasi zake, hana aliyemkosea, ametulia, chai ameletewa mpaka mezani na wewe mwenyewe. Na Dada Ngan anakunyima vikapu? Anakustahi sana. Ningekuwa mimi ndiye nasukuma lile toroli ningelipitisha juu ya vidole vyako vya miguu.

Lakini sikiliza, maana katika kurasa zako nne umeandika mambo na hukuyaona. Yule mama alisimama na mguu wa kuku mkononi, hasira zimemjaa, mkahawa mzima unatazama. Angeweza kukuumbua. Angesema, "Mama, huyu mwanao kila siku anakula karanga zangu," na ungezama chini ya meza usionekane tena. Alisema nini? Alirudia uongo wako. Alimpa mama yako heshima kwa mikono miwili, akakubaliana na wewe kwamba hamjuani, akaondoka ili wewe ubaki na uso. Alikusitiri, bwana mkubwa. Kwa dakika ile ile uliyokuwa unamtupa, yeye alikuwa anakufunika. Mama yako aliliona hilo ndiyo maana alitema mifupa yote halafu akasema mlete.

Na jingine. Hapo Sham Shui Po kuna mikahawa ya chai mingapi? Mimi nilikulia mtaa wa nyuma yenu, najua. Mtu aliyekuchoka angehamia mwingine, chai ni ile ile. Yeye amehama hatua kumi na tano tu, tena amekwenda kukaa karibu na choo, mahali ambapo mzee wa miaka sitini na sita anayemaliza birika tatu kwa asubuhi lazima apite. Umepita mara ngapi wiki hii, sita? Saba? Ulipita ukiangalia vidole. Anakaa kwenye harufu ile kila siku akingoja useme neno, na wewe unamtumia ha gau kwa toroli. Hata mimi ningezirudisha.

Kuhusu marehemu, hapo sitakutania. Miaka sita umeiaga picha yake kila asubuhi, huyo ni mume mwema. Ila umekuwa ukimficha jambo, na unajisikia kama mwizi kwa sababu unatoka nyumbani kama mwizi. Leo kabla hujatoka simama mbele yake useme na nani. Sema kwa sauti. Utaona nyumba haitadondoka.

Halafu kuna hili, na pole sana. Ulisema anasoma gazeti hili, kuanzia nyuma. Barua yako ulidhani tutaichapa wapi, kwenye karatasi za kufungia maandazi? Leo ni Jumamosi, gazeti limeshafika kibandani, yeye ameshalinunua, anaanza na farasi, anakuja mbele polepole, na safu yangu iko ukurasa wa kumi na moja. Sikubadilisha kitu, nguzo ni nguzo na sweta ni ya kijani. Ukiwa mwepesi una kama dakika ishirini. Ukiwa unaisoma hii ukiwa nyumbani kwa kandambili, hizo dakika zimeshaisha, vaa viatu uende hivyo hivyo.

Ukifika usikae kwenye nguzo. Nenda moja kwa moja mpaka kule chooni, vuta kiti. Yule mzee wa kofia akikukodolea macho, mwamkie na umwombe radhi, kopo lake la maziwa halina kosa. Usimtume Dada Ngan. Usinunue kikapu. Na birika usiliguse, nakukataza kabisa, kwa maana nimekuelewa wewe sasa: kila ukiogopa kusema unamimina. Ulimimina ulipotaka kumsalimia, ulimimina mama yako alipokuuliza, na ukiachiwa leo utamimina tena, yeye atagonga meza kwa adabu zake, mtarudi kwenye farasi na magoti, na mtakufa wote wawili hamjuani majina.

Weka mikono mezani. Jina lako ulitaje wewe kwanza, lote, pamoja na la ukoo, usingoje kuulizwa. Kisha useme: "Nilisema sikujui, nilidanganya. Niliogopa. Nilikuita mhudumu na hilo linaniuma kuliko yote." Usieleze lifti. Usieleze vumbi la koo. Mwambie mama yako anamwalika Jumapili, na kwamba wewe pia unamwalika, hayo ni mambo mawili tofauti na uyatenganishe. Halafu nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu na mtu anavuta maji ya choo nyuma yako. Asikuharakishe mtu na wewe usimharakishe.

Akikubali, Jumapili mwende mapema, mkae meza moja, na kwa ajili ya afya yangu naomba mama yako amiminiwe wa kwanza. Suk-han akianza maneno yake ya domo zege, mjazie mdomo siu mai.

Akikataa, usimbembeleze mbele za watu na usimfuate ngazini. Shukuru kwa miezi kumi na moja, umrudishie nguzo yake, wewe ndiye uhamie chooni. Na Jumapili bado utakwenda kwa mama yako, ameshavaa blauzi yake, umpe mkono akae, na kabla hajauliza umwambie kwa mdomo wako kwamba yule mwanamke ulikuwa unamjua, tena ulikuwa unamjua vizuri sana.